Gitaa jipya, amplifaya ipi?

Maswali ya wasomaji kwa Mwalimu wa Gitaa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimepiga gitaa la kuazima kwa miaka mitatu, na mwezi uliopita nimepata la kwangu: gitaa kavu, jipya, la nyuzi za chuma, lenye tundu la plagi na vitufe vitatu vidogo ubavuni. Likiwa mapajani linaimba vizuri mno. Shida ilianza nilipolichomeka kwenye amplifaya ya kaka yangu anayepiga gitaa la umeme. Likatoa sauti ya bati, kama si lile nililolizoea, na nilipoongeza sauti likaanza kuunguruma lenyewe. Nataka kupiga na kuimba mbele ya watu 40 au 50 ukumbini. Muuzaji mmoja ananishauri nichukue amplifaya kubwa ya gitaa la umeme, ya wati 100, maana "wati nyingi hazidhuru". Mwingine anasema gitaa langu ndilo bovu. Nimsikilize nani?
Msomaji mwenye gitaa jipya

JIBU: Marahaba, binti yangu. Gitaa lako ni zima, na amplifaya ya kaka yako ni nzima vilevile. Vimekutanishwa tu vitu viwili visivyoendana. Hao wauzaji wawili waache kwanza, wote.

Nianze na yule wa wati 100, maana ushauri wake ndio utakaokugharimu. Gitaa la umeme halina sanduku. Mara nyingi ni ubao mzito usio na uwazi ndani, na ukilipiga bila umeme unasikia nyuzi tu, kwa mbali. Ile sauti nene tuliyoizoea inazaliwa ndani ya amplifaya. Saketi zake zimepangwa zipandishe sauti fulani na kushusha nyingine, na spika yake, ambayo mara nyingi ni ya inchi 12, inaanza kuchoka ikifika Hz 5,000 hivi, yaani mitikisiko 5,000 kwa sekunde. Juu ya hapo hakitoki kitu cha maana. Kwa kaka yako hilo ni jema, kwa sababu ndilo linalopunguza makali na kufanya sauti ya kukwaruza isiumize masikio. Amplifaya yake ni nusu ya chombo chake.

Chombo chako wewe kimekamilika hapo mapajani. Sanduku unalo, na fundi aliyelitengeneza amelichonga mpaka likapata sauti yake. Unachotafuta ni amplifaya itakayoichukua sauti hiyo na kuikuza bila kutia neno lake. Ndiyo maana amplifaya nyingi za gitaa kavu zina spika mbili: wufa ya inchi 6.5 au 8 kwa sauti za chini na za kati, na twita ndogo ya inchi 1 kwa zile za juu kabisa. Ukitaka kujua kazi ya twita, sikiliza gitaa lako pale kidole kinapoteleza juu ya uzi wa sita kutoka pozi moja kwenda jingine. Ule mkwaruzo mdogo, pamoja na mguso wa ukucha kabla uzi haujalia, uko juu sana. Ukikatwa, unabaki na gitaa lililofunikwa blanketi. Ukisukumwa bila mpangilio, unapata bati.

Sasa, kabla hujaenda kutazama amplifaya yoyote, lichunguze gitaa lenyewe. Nawaambia wanafunzi wangu wote hivyo, kwa sababu swali la amplifaya huwa nusu yake limekwisha kujibiwa humo ndani. Legeza nyuzi ili mkono upite. Chukua kioo kidogo cha mkononi na tochi ya simu, ingiza kioo kwenye tundu kubwa, kigeuze kitazame juu, chini ya daraja. Utaona mbao nyembamba zilizogundishwa kushikilia uso wa gitaa, na hapo karibu na vishikizo vya nyuzi utaona kiwaya chembamba kinatokeza kwenye kitobo kidogo na kukimbilia ubavuni kwenye vile vitufe vyako. Kiwaya hicho kinatoka kwenye utepe mwembamba uliolala chini ya kile kijiti cheupe kinachobeba nyuzi. Hiyo ndiyo pikapu yako, na gitaa jipya lenye vitufe ubavuni karibu siku zote lina ya aina hiyo. Inaitwa piezo.

Ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha mwaka 1880 kwamba fuwele za aina fulani zikibanwa hutoa umeme. Pikapu yako inafanya kazi hiyo hiyo: uzi ukitikisika unakibana na kukiachia kile kijiti, utepe ulio chini yake unatoa umeme kidogo, na umeme huo unafuata mtikisiko wa uzi. Ni kifaa cha ajabu kwa udogo wake, lakini kina tabia mbili ambazo usipozijua utalaumu amplifaya bure.

Ya kwanza ni kwamba umeme wake ni dhaifu na hautaki kubebeshwa mzigo. Unahitaji kuingia kwenye tundu lenye ukinzani mkubwa, wa ohm milioni 1 au zaidi. Ukiuingiza moja kwa moja kwenye tundu la maiki la miksa, lenye ohm elfu chache tu, besi inapotea na unabaki na sauti nyembamba kama ya nzi kwenye chupa. Bahati yako ni hivyo vitufe vitatu. Vinaonyesha kwamba ndani kuna priampu yenye betri yake, mara nyingi ile ya mraba ya volti 9, na priampu ndiyo inayoutia umeme huo nguvu kabla haujatoka kwenye gitaa. Mwenye pikapu ya piezo isiyo na priampu ndiye anayepaswa kuwa mwangalifu sana na tundu la amplifaya yake.

Hapo hapo nikuombe jambo: badilisha betri hiyo leo. Gitaa jipya linaweza kuwa limekaa dukani muda mrefu, watu wakilijaribu na kuliacha na waya umechomekwa. Betri ikikaribia kuisha haizimiki ghafla. Sauti inaanza kukauka, kisha inapasuka kila unapocharaza kwa nguvu. Nimeletewa magitaa manne au matano ya namna hiyo, mmoja wa wenyewe akiwa tayari amenunua amplifaya ya pili, na dawa ikawa ni betri.

Tabia ya pili ni kwamba piezo inasikia mbano, haisikii hewa. Wewe ukiwa umelipakata unasikia uso wa gitaa, mgongo wake, na pumzi inayotoka kwenye tundu. Pikapu inasikia kijiti tu. Kwa hiyo mwanzo wa kila noti unatoka na ncha kali, kama mtu anayegonga meza kwa kucha kabla ya kusema. Ukiongeza ncha hiyo kwenye spika ya gitaa la umeme inayopenda kusukuma sauti za kati, umepata lile bati lako. Punguza kidogo kitufe cha sauti za kati hapo ubavuni, vingine uviache katikati, na ucharaze karibu zaidi na tundu kuliko daraja. Hata kwenye amplifaya ya kaka yako utasikia tofauti.

Kuhusu wati, maneno ya muuzaji yanasikika kama busara lakini hesabu yake haiko hivyo. Ukizidisha wati mara mbili, unaongeza desibeli 3 tu, ongezeko ambalo sikio linalitambua lakini halishtuki. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa maradufu, unahitaji wati karibu mara kumi. Kati ya amplifaya ya wati 60 na ya wati 100, zikiwa na spika za uwezo sawa, tofauti ni desibeli 2 na kidogo. Mizigo yote hiyo kwa desibeli 2!

Sababu ya kutaka wati za kutosha kwenye gitaa kavu ni nyingine. Unapodonoa nyuzi taratibu halafu ghafla ukacharaza zote sita, sauti inaruka juu sana kwa sehemu ndogo ya sekunde. Amplifaya iliyobanwa na uwezo mdogo inakwaruza hapo. Kwa kaka yako mkwaruzo huo ni mtamu na anautafuta. Kwako unaharibu kila kitu. Na wewe unaimba, kwa hiyo kazi inayobebwa ni ya vyombo viwili. Kwa watu 40 au 50 wanaokusikiliza bila kupiga kelele, na bila ngoma nyuma yako, mimi ningechukua wati 60 bila wasiwasi. Wati 30 zinatosha sebuleni na kwenye chumba kidogo, ila ukumbini utakuwa unaisukuma mpaka mwisho wake. Siku watu wakifika 200, usitafute amplifaya kubwa zaidi. Tafuta iliyo na tundu la XLR (lile la duara la pini tatu) la kutolea sauti nyuma, fundi mitambo achomeke waya wake hapo na kupeleka sauti yako kwenye spika za ukumbi, na amplifaya yako ibaki karibu nawe ujisikie mwenyewe. Tundu hilo ni la lazima kwangu. Sinunui amplifaya isiyokuwa nalo.

Lazima nyingine kwako ni njia mbili zinazojitegemea, moja ya gitaa na moja ya maiki, kila moja na vitufe vyake vya besi na trebo. Sauti ya mtu na sauti ya gitaa hazivai nguo moja. Kama maiki yako ni ya kawaida ya jukwaani, tundu la XLR linatosha. Kama ni ya kondensa, hakikisha amplifaya inatoa ule umeme wa volti 48 wa kuiendesha, maana si zote zinautoa.

Sasa nije kwenye kuunguruma, jambo ambalo limeniumiza zaidi ya yote katika kazi hii. Fanya jaribio hili ukiwa peke yako. Lipakate gitaa, bana nyuzi kwa kiganja zisilie, inamisha uso karibu na tundu, halafu vumisha "uuu" kuanzia chini kabisa ukipanda pole pole. Kama koo lako halifiki chini hivyo, mwombe mwanamume mwenye sauti nzito avumishe wewe ukiwa umelishika. Pahali fulani gitaa litaitikia. Utausikia mgongo wake unatetemeka tumboni mwako, na ukipanda au ukishuka kidogo linanyamaza. Hiyo ndiyo noti ya sanduku lako. Kwenye magitaa makubwa huwa karibu na Hz 100, yaani kati ya G ya uzi wa sita kwenye kizuizi cha tatu, yenye Hz 98, na A ya uzi wa tano ukiwa wazi, yenye Hz 110.

Miaka mingi iliyopita, kwenye onyesho langu la kwanza nikiwa peke yangu, niliwekewa amplifaya nyuma ya mgongo wangu, chini, kwenye kona ya ukuta. Wimbo wa kwanza ulikuwa kwenye ufunguo wa A. Nilipoupiga uzi wa tano, ile noti haikufa. Ikakaa, ikavimba, ikawa mngurumo uliojaa ukumbi, na gitaa likawa linanitetemekea kifuani kama kitu kilicho hai. Nikashika nyuzi, ukapungua. Nikaachia, ukarudi. Nikamaliza besi yote kwenye vitufe, na kwa saa mbili nikapiga gitaa lisilo na tumbo, huku nikiona nyuso za watu zinavumilia. Nilirudi nyumbani nikiamini gitaa langu halifai jukwaani.

Kumbe halikuwa na kosa. Spika ilikuwa inaitikisa ile noti ya sanduku, sanduku linaitikisa pikapu, pikapu inairudisha kwenye spika, na mzunguko unajilisha wenyewe. Kona na sakafu zilikuwa zimeiongezea besi, na tundu la gitaa lilikuwa njiani mwa sauti. Siku hizi naiweka amplifaya pembeni yangu na mbele kidogo, juu ya kiti au kigoda, mbali na kona, imeelekezwa kwenye masikio yangu na ya watu bila kutazama moja kwa moja tundu la gitaa. Hilo peke yake linamaliza zaidi ya nusu ya tatizo. Yanayobaki yanamalizwa na vifaa vitatu. Cha kwanza ni kizibo cha mpira kinachoziba tundu la gitaa. Kinapunguza utamu wa gitaa kwako unayelipiga, lakini wanaosikia kupitia spika hawakosi kitu. Cha pili ni kidhibiti kilichoandikwa Notch, kinachokata noti moja nyembamba na kuacha zingine. Kizungushe pole pole mpaka mngurumo ufe. Cha tatu ni kitufe cha awamu, chenye alama ya duara lililokatwa na mstari. Hiki kinageuza wimbi juu chini. Pahali pengine kinatuliza, pengine kinazidisha, kutegemea umekaa wapi. Kwa hiyo kibonyeze, sikiliza, kiache pale palipotulia. Amplifaya isiyo na hata kimoja kati ya hivyo viwili vya mwisho, ipite tu, isipokuwa kama gitaa lako linavyo kwenye priampu yake.

Utakapokwenda kuchagua, nenda na gitaa lako na waya wako. Usikubali kujaribu kwa gitaa la dukani, hata kama ni zuri kuliko lako. Weka vitufe vyote katikati, na mwangwi uuzime kabisa, kwa sababu mwangwi hupamba hata kilicho kibaya. Piga uzi mmoja mmoja, kuanzia wa sita hadi wa kwanza, kwa nguvu ile ile, usikie kama kuna unaoruka au unaozama. Charaza kwa sauti ile utakayoitumia ukumbini. Sauti ya kunong'ona haikuambii lolote. Mwombe mtu mwingine alipige, usogee hatua tano, kisha kumi. Mwishoni bana nyuzi kwa kiganja usikilize kimya cha amplifaya: kama inafoka kama mvuke wa sufuria, utaisikia katikati ya kila wimbo wa taratibu. Na uinyanyue, maana utaibeba wewe.

Nikutajie mbili nilizozipiga sana, upate kipimo cha masikio. Fishman Loudbox Mini ina wati 60, njia mbili, wufa ya inchi 6.5 na twita, na uzito karibu kilo 9. AER Compact 60 ya Ujerumani nayo ni ya wati 60, ina kilo 6.5 hivi, na inavunja kanuni niliyokupa hapo juu kwa sababu ina spika moja tu ya inchi 8 yenye koni mbili. Ukifunga macho ukaisikiliza utadhani gitaa limekua tu. Na kama unataka ya kupigia mahali pasipo na umeme, Roland AC-33 inakubali betri 8 za AA. Si lazima uchukue mojawapo ya hizo. Ukiweza kuzisikia, utajua unatafuta nini kwa nyingine yoyote.

Kama huwezi kununua sasa, azima amplifaya ya kinanda. Kinanda nacho kinahitaji spika isiyotia neno lake, hivyo itakufaa mara nyingi kuliko ile ya kaka yako.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Gitaa langu ni la nyuzi za nailoni. Nimenunua pikapu ya kubana kwenye tundu, nikaichomeka kwenye amplifaya nzuri, haitoi chochote ila kutu-kutu nikiigonga. Amplifaya imekufa?
Mpiga nailoni

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Amplifaya iko hai. Pikapu ya kubana kwenye tundu karibu kila mara ni ya sumaku, na sumaku inamsikia chuma peke yake. Nailoni ikipita juu yake ni kama hakuna kilichopita. Hata zile nyuzi tatu nene zenye utepe wa shaba kwa nje hazisaidii, kwa sababu shaba haivutwi na sumaku. Irudishe kama inarudishika, na umwambie fundi akufungie piezo ya chini ya kijiti cha daraja, au ile ya kubandika kwa ndani kwenye uso wa gitaa. Usikubali mtu akushauri uweke nyuzi za chuma ili pikapu ifanye kazi. Gitaa la nailoni limejengwa kubeba mvuto mdogo zaidi. Nyuzi za chuma zitainua daraja kutoka kwenye uso, na hapo fundi hatakuwa na la kukufurahisha.

SWALI: Betri ya gitaa langu inaisha kila baada ya siku mbili tatu, na silipigi zaidi ya saa moja kwa siku. Priampu inavuja umeme?
Mwenye betri

JIBU: Kwanza niambie waya unaukuta wapi asubuhi. Kwenye magitaa mengi ya namna hii swichi ya priampu iko ndani ya tundu la plagi: plagi ikiingia betri inawaka, ikitoka inazimika, hata kama amplifaya yenyewe imelala. Ukiuacha waya kwenye gitaa usiku, priampu imekesha. Chomoa waya kwenye gitaa kila unapoliweka chini, kwa wiki moja, na usiguse kitu kingine. Betri ikiendelea kuisha upesi hivyo, huenda tundu la plagi limelegea na linagusa ndani, na fundi atalibadilisha bila kuigusa priampu.